Profesa na Vilele Viwili

Sote tulimwita Profesa. Hata mama yake mzazi, kule Muleba, alimwita hivyo, ila yeye alilitamka neno lenyewe kama jina la ugonjwa uliompata binti yake Ulaya na ambao waganga wote wameshindwa kuutibu. "Profesa hajaamka," aliwaambia wageni saa nne asubuhi. "Profesa anasema tusimsalimie mpaka anywe chai." Mimi nilimfahamu kwa miaka mingi, kwanza kama mwanafunzi wake, baadaye kama mtu aliyemkasirikia kuliko mtu yeyote duniani, na mwisho kama rafiki, ingawa rafiki ni neno alilodai kuwa ni la watu wasio na kazi.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa mtu anayekwenda kugomba. Ndani ya koti jeupe la maabara alivaa kitenge, na kichwani alifunga kitambaa kwa sababu, alivyosema, unywele mmoja ukidondoka juu ya kioo cha leza unaharibu wiki nzima, na yeye hakuwa na wiki za kuchezea. Alitafuna buni za kuchemsha, zile anazokaribishwa nazo mgeni huku kwetu, katikati ya vikao vizito vya kitaaluma, na maganda aliyaweka kwenye kisahani cha mwenyekiti wa kikao.

Na mdomo. Leza ikigoma, aliitukana kwa Kihaya, na matusi ya Kihaya, kwa anayeyajua, hayamwachi shangazi wala babu. Fundi wa maabara, mzee Mzungu wa kule kule Ulaya mwenye ndevu nyeupe, aliyasikia kwa miaka hadi akayakariri bila kujua maana yake, akawa anayatumia kuwasalimia wanafunzi wa Kitanzania kila asubuhi. Tuliitikia kwa heshima. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Mara ya kwanza kumsikia nilikuwa kidato cha tano, Kashozi. Mkuu wetu wa shule, mtawa mpole mno, alikuwa amemwalika aje kututia moyo wasichana tusome sayansi. Tulitegemea hotuba ya kawaida: jitihada, nidhamu, Mungu kwanza. Profesa alisimama, akatutazama kama mtu anayechagua kuku, akasema, "Msisome fizikia mkidhani mtaheshimiwa. Mtaitwa dada na watu mnaowafundisha. Someni kama mnapenda kuachwa peke yenu chumbani na kitu kisichojua kujipendekeza." Mtawa alikohoa. Profesa akamgeukia. "Sista ananielewa," akasema. Sista aliangalia chini, lakini mimi niliyekaa mbele niliona anacheka. Siku ile ile niliamua nitasoma fizikia, na baada ya miaka, barua zangu zilipomfikia huko Ulaya alikokuwa akifundisha, alinijibu kwa mstari mmoja: nije, na nije na koti zito.

Watu wengi walimheshimu Profesa bila kujua anafanya nini. Jirani yao mmoja kule Muleba, mama mnene mwenye sauti nzuri, mwimbaji wa kwaya ya usharika, ndiye pekee aliyethubutu kuuliza. Ilikuwa Desemba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, na Profesa alikuwa hakosi kuja nyumbani msimu huo hata kama dunia inaungua. Tulikuwa jikoni tunanyonyoa mabawa.

"Profesa, waitu," jirani alisema, kwa neno letu la Kihaya la heshima, "tuambie kwa lugha ya watu. Huko unafanya nini hasa?"

Profesa alimminya senene mmoja hadi kidole kikang'aa. "Unaona mafuta haya? Ni ya aina ngapi?"

"Mafuta ya senene. Aina moja."

"Huna uhakika. Hata mimi sina. Ndiyo kazi yangu." Akavuta kigoda. Akaeleza kwamba kila kitu kinatikisika ndani yake, na kila aina ya kitu ina mtikisiko wake. Hadubini yake, inayoitwa hadubini ya Raman ya kuchochewa, inapiga miale miwili ya leza kwa pamoja, kila mmoja na rangi yake. Tofauti kati ya rangi hizo mbili ikilingana na mtikisiko wa mafuta, mwale mmoja unapungua kidogo na mwenzake unaongezeka kidogo. "Ule upungufu ndio ninaoupima. Nikiuona, najua hapa pana mafuta. Sipaki dawa, siui kitu."

"Sasa shida iko wapi?"

"Piga kofi."

Jirani alipiga.

"Hiyo ni noti gani? Do? Mi?"

"Kofi ni kofi tu, halina noti."

"Haya, imba. Vuta sauti."

Jirani alivuta sauti ndefu, safi, mpaka mbuzi nje wakanyamaza.

"Hiyo ina noti," alisema Profesa. "Mwanga nao ni hivyo hivyo. Leza yangu inatoa mapigo mafupi mno, kila pigo ni kofi, noti zote zimechanganyika ndani. Aina mbili za mafuta zenye mitikisiko inayokaribiana, kofi haliwezi kuzitenganisha. Kazi yangu ni kulinyoosha kofi liwe wimbo."

"Unalinyoosha na nini?"

"Na kioo. Napitisha mwanga kwenye fimbo nene za kioo. Rangi nyekundu inatangulia, ya bluu inachelewa, pigo linarefuka. Na miale yote miwili lazima irefuke sawasawa. Mmoja ukirefuka kuliko mwenzake, unapata ukungu."

Jirani alifikiri, mikono imejaa mabawa. "Na kwa hilo wanakulipa mshahara?"

"Wananilipa."

"Mungu ni mwema," alisema jirani, akaendelea kunyonyoa.

Nimeyasoma maelezo mengi ya kazi yetu tangu siku ile, na mengine nimeyaandika mwenyewe. Hakuna yaliyoyazidi yale ya jikoni.

Sasa niseme jambo moja ambalo waliomsifu Profesa hadharani huwa wanaliruka: alikuwa mwongo. Alidanganya kwenye karata waziwazi, mchana kweupe, na ukimkamata alikasirika yeye. Alimwambia mama yake kila simu kwamba ametoka kanisani, na nyuma yake mashine za maabara zinavuma kama nyuki. Senene aliwapitisha mipakani ndani ya boksi lililoandikwa "sampuli za utafiti", jambo lililokuwa kweli kwa wale wachache waliofika maabara bila kuliwa. Umri wake, kwa miaka yote niliyomfahamu, ulikuwa hamsini.

Lakini mbele ya grafu alikuwa mtu mwingine. Mwanafunzi mmoja aliwahi kufuta nukta moja iliyokaa vibaya, mbali na wenzake, ili mstari upendeze. Profesa alimwagiza airudishe, kisha aiombe msamaha, kwa sauti, sisi wote tukisikiliza. Kijana wa watu, mzima, msomi, aliinama mbele ya skrini akaiambia nukta samahani.

Hapo ndipo naweza kufika kwenye lile lililotupata.

Kunyoosha mwanga kuna mwisho wake. Ukiurefusha sana unakuwa hafifu, huoni kitu. Kwa hiyo Profesa aliongeza hesabu: tulipima kwa makini ukungu ambao mashine yetu yenyewe inauweka kwenye kila kipimo, kisha programu ikauondoa ukungu ule kwenye picha, kama unavyofuta mvuke kwenye miwani. Na pale ambapo wenzetu wote walikuwa wanaona kwenye grafu kilima kimoja cha mafuta ya ndani ya seli za ini, sisi tuliona vilele viwili. Aina mbili za mafuta, zimesimama bega kwa bega, wazi kabisa. Madaktari walianza kutuandikia. Makala ilitoka, tuzo ikafuata, na sura nzima ya tasnifu yangu ya udaktari ikajengwa juu ya vilele vile viwili. Mimi nilivipenda. Nilivichora hata kwenye kadi ya Krismasi niliyomtumia mama yangu, naye akadhani ni milima ya huko Ulaya.

Usharika wa Profesa ukaandaa ibada ya shukrani. Nilikuwa likizo, nikaenda Muleba na mama yangu, ambaye ni Mkatoliki wa Kashozi na alikuwa hajawahi kukanyaga kanisa la Kilutheri. Njia nzima aliniuliza kama watapiga magoti au la. Kanisa lilijaa hadi nje. Mbuzi alikuwa amefungwa utepe. Kwaya ilikuwa imetunga wimbo maalumu, na kiitikio chake, nakumbuka mpaka leo, kilikuwa "vilele viwili, Bwana, vilele viwili".

Mchungaji alimkaribisha Profesa aseme neno. Alipanda mimbarini bila karatasi. Nilimwona akishika pembe za mimbari kwa nguvu, nikafikiri ni furaha.

"Nawashukuru," alisema. "Mmepika sana, nimesikia harufu. Lakini kazi mliyokuja kuishangilia ina kosa. Nimelikuta wiki hii. Vile vilele viwili havipo."

Kanisa lilikaa kimya kwa namna ambayo Walutheri peke yao wanaiweza.

"Fimbo moja ya kioo niliivunja mimi mwenyewe nikiisafisha. Nikaweka nyingine iliyofanana nayo, nikasahau kuupima ukungu upya. Kumbe haikufanana. Programu imekuwa ikiufuta ukungu wa fimbo iliyokwisha kutupwa. Wiki hii, usiku wa kuamkia siku ya kusafiri, nimeipa mashine kimiminika ninachokijua, chenye kilele kimoja tu tangu dunia iumbwe. Kikanipa viwili. Niliwaonyesha watu mapacha, kumbe ni mtoto mmoja na kivuli chake. Makala nitaiondoa. Tuzo nitairudisha. Sikutaka mnishukuru kwa kitu ambacho hakipo, na mmeniimbia tangu nikiwa mtoto."

Mama yangu alinivuta mkono. "Amesema nini? Amefukuzwa kazi?"

Mimi pia nilikuwa nalisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza pale pale, kwenye benchi, kama mama yangu, kama mbuzi.

Mzee wa kanisa mmoja alisimama kule nyuma. "Waitu Profesa, tumekuelewa," alisema, ingawa ni wazi hakuelewa. "Tunachouliza sisi: sherehe ipo au haipo?"

Mchungaji alimtazama Profesa, akatazama dirishani kulikokuwa na moshi wa masufuria, akasema tutamshukuru Mungu kwa ajili ya ukweli. Kwaya ikasimama. Hawakuwa wamefanya mazoezi ya wimbo mwingine. Wakaimba vilele viwili, beti zote.

Nilimkuta nyuma ya jiko, kwenye migomba, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sahani ya ndizi na nyama mapajani, ambayo hajaigusa.

"Umeniua," nilimwambia.

"Hujafa."

"Sura nzima ya tasnifu yangu! Natakiwa kuiwasilisha baada ya Pasaka! Kwa nini hukuniambia mimi kwanza? Pembeni? Kwa nini nisikie pamoja na watu wanaosubiri pilau?"

"Kuambiana pembeni ni kwa ninyi Wakatoliki," alisema. Alijaribu kucheka, haikutoka. Akaweka sahani chini. "Ningekuambia wewe kwanza, ungelia. Ukilia, ningetafuta njia. Najijua. Ningesema tusubiri kidogo, tupime tena, labda sio kubwa kiasi hicho. Mimi nina akili sana, ningeipata njia. Nilitaka kwanza nijifungie mlango mbele ya watu ambao siwezi kuwadanganya."

"Mama yako unamdanganya kila Jumapili."

"Hilo ni la kanisani. Hili ni la kazi."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Niliyasema kwa Kihaya, kwa sababu kwa Kiingereza ningemwita Profesa na kwa Kiswahili ningemwamkia. Alinisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama. Nilipomaliza alisema, "Matamshi yako ni ya Kashozi kabisa," akainuka, akaenda kuwasalimia wageni, mgongo umenyooka. Nilibaki na sahani yake. Nilikuwa na njaa, nikaila.

Mambo yaliyofuata hayakuwa na nyimbo. Makala iliondolewa. Tuzo, kibao cha kioo chenye jina lake, aliifunga kwenye gazeti akairudisha kwa posta. Fedha za utafiti zilikatwa, wenzake wawili watatu wakaanza kuchelewa kujibu salamu zake, na mimi udaktari wangu ukasogezwa mbele karibu miaka miwili. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba nimekariri darasa. Tulianza kupima upya, kila kitu, mimi na yeye, kwenye chumba kisicho na dirisha, tukizungumza mambo ya lazima tu.

Unajua nilitambuaje kwamba alikuwa ameumia? Leza ilikuwa haitukanwi. Iligoma mara nyingi kipindi kile, nadhani kwa makusudi, na yeye aliinama, akageuza skrubu kimya kimya, akasubiri. Mzee fundi mwenye ndevu aliniuliza kama Profesa anaumwa. Asubuhi moja nilifika mapema nikamkuta amekaa gizani, fimbo mpya ya kioo mikononi, anaizungusha taratibu kama mtu aliyebeba mtoto asiye wake. Sikuingia. Nilizunguka jengo lote kwenye theluji, nikarudi nikipiga hodi kwa kelele.

Tulikata fimbo upya, kidogo kidogo, hadi miale yote miwili ikanyooka sawa kweli. Hesabu ya kuondoa ukungu tukaiweka kando. Na siku moja, kwenye mteremko wa kile kilima kimoja ambacho kila mtu alikiona, pakatokea bega dogo. Halikuwa kilele. Lilikuwa bega, kama la mtu anayechungulia nyuma ya mwenzake. Tulibadilisha sampuli, likabaki. Tulipima ukungu upya, likabaki. Tulikipima kile kimiminika cha kilele kimoja, kikatoa kilele kimoja. Profesa alilitazama lile bega muda mrefu. Kisha leza ikazima yenyewe, kama kawaida yake, na Profesa akaitukana, kwa ukamilifu, kuanzia babu zake hadi wakwe. Mzee fundi alitokea mlangoni akitabasamu, akaitikia kwa neno zito kuliko yote aliyoyajua.

Nilipata udaktari kwa bega lile. Sio tasnifu ya kutungiwa wimbo. Sikumsamehe kwa siku moja. Nadhani hasira ilinitoka polepole, kama homa, na nilipoitafuta sikuikuta.

Alistaafu, akarudi Muleba, nami nikapata kazi ya kufundisha chuoni hapa Bukoba mjini. Tukawa tunaonana mara moja moja, tukicheza karata, akiniibia. Kisha kwa muda mrefu simu yake ikawa haipokelewi. Mama yake, mzee sana sasa, aliniambia kwa simu kwamba Profesa "yuko kwenye mambo yake", kwa sauti ile ile ya mtu anayetaja ugonjwa.

Mwaka huu nilikwenda mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, upande wa Muleba kununua sato kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa kaka yangu. Ilikuwa asubuhi yenye jua kali, dagaa wameanikwa kila mahali. Nikamwona amesimama karibu na maji, kitambaa kichwani, godoro limekunjwa kando yake, na kuku watatu wamefungwa miguu.

"Profesa!"

Alishtuka kama mtoto aliyekutwa kabatini. "Punguza sauti," alisema. "Unatafuta nini huku?"

"Samaki. Na wewe?"

"Naenda kisiwani, Bumbire."

"Na godoro?"

"Watu wa Bumbire wanalala pia." Akatazama ziwa. "Naolewa. Nimekwisha olewa, kwa kweli. Jumamosi."

Niliweka kapu chini. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungetaka ushahidi."

Ushahidi ulikuwa unakuja, umekunja suruali hadi magotini: mzee mfupi, mweusi, mwenye mikono mipana ya kutengeneza mitumbwi na meno machache yenye furaha. Alinisalimia kwa adabu. Profesa akasema mimi ni mwalimu wa chuo, mmoja wa wanafunzi wa zamani wa kule Ulaya, akaharakisha kwenda kugombana na mwenye boti kuhusu kuku. Yule mzee alisubiri afike mbali, kisha akanisogelea.

"Mwalimu, nikuulize jambo. Ulikuwa naye kule Ulaya?"

"Nilikuwa naye."

"Ni kweli alikuwa mpishi? Ameniambia alikuwa mpishi kwenye hosteli ya wanafunzi. Miaka yote hiyo."

Nilimtazama Profesa. Alikuwa ananyoosha kidole kwenye pua ya mwenye boti, na kwa mbali niliona anageuka, ananitazama mara moja, haraka, kisha anageuka tena.

"Ni kweli," nilisema.

"Maana kupika kwenyewe, waitu," alinong'ona, "hajui kabisa."

"Kule hawaweki hata chumvi," nilimwambia. "Walimpenda sana."

Uso wake ukafunguka. "Basi ndiyo maana," alisema, akaridhika kabisa. Akaingia majini, akainama, na Profesa, bila kuulizwa na bila kunyamaza, akampanda mgongoni ili asilowe. Alikuwa mrefu kuliko yeye, miguu yake ilikuwa karibu kugusa maji, na mzee alitembea naye taratibu kuelekea kwenye boti huku yeye, juu ya mgongo, akimkaripia kwa Kihaya njia nzima asije akamwangusha.